Tuta la Nne

Hakupenda neno "mwaga." Katika miaka yote tuliyoishi ukuta kwa ukuta, mtaani Kamunyonge, sikumsikia hata mara moja akisema kwamba maji yamwagwe. Kwake, maji yalipelekwa. "Peleka hayo maji," alimwambia mtu aliyesimama mlangoni na beseni la povu, kwa sauti ambayo mwingine angeitumia kusema mgeni apelekwe sebuleni. Na aliyejisahau akayatupa uani, hata kama ni kikombe kimoja cha kusukutulia, hakukaripiwa. Alitazamwa tu, kwa muda mrefu, mpaka naye akaanza kutazama pale maji yalipoangukia, kana kwamba amedondosha kitu chenye jina.

Mtaa mzima tulimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha sayansikimu Bunda, na alipostaafu alikuja Musoma na sanduku la vitabu, cherehani ya mkono na tabia ya kukagua kucha za watu wazima. Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ulikuwa upi. Alipoulizwa alijibu kwamba hilo ni swali la karani wa sensa, na karani alikwisha kupita.

Naandika habari zake kwa sababu moja, na ni haki msomaji aijue mapema. Siku mama yangu alipofariki nilifanya kosa kwenye mfereji wa Mwalimu. Kosa lenyewe lilidumu kwa muda wa kumimina beseni moja. Kwa miaka mitatu iliyofuata nilibeba swali moja: je, alijua? Kama hakujua, basi nilikuwa nimemlisha yeye na mtaa mzima kitu ambacho watu hawalishwi. Kama alijua, basi aliamua kunyamaza, na mimi sikuwa na kipimo cha kupimia ukimya wa mtu yule.

Mgeni angeshangaa kwamba watu wanaolala wakisikia mawimbi walihesabu vikombe vya maji. Lakini katika miaka ile ya uhaba na foleni pampu ya mji ilisimama kwa kukosa dizeli, kisha kwa kukosa kipuri, kisha bila sababu yoyote iliyotangazwa, na bomba la mtaa wetu likawa mahali pa kuanikia matambara. Maji yalipanda kutoka ziwani vichwani mwa wanawake, katikati ya majabali, na aliyejikwaa alirudi kuanza upya. "Ndoo iliyopanda mawe haya," Mwalimu alisema, "haina ruhusa ya kufa kwa kuosha mguu mmoja."

Mfereji wake ulianzia mahali alipopaita mdomo: shimo dogo lililofunikwa kwa kapu la nyasi kavu, lililonasa magamba ya samaki, nywele na mafuta. Kutoka hapo maji yaliingia katika pipa lililozikwa hadi shingoni, yakatulia kwa muda wa kusali Baba Yetu, taka zikazama. Kisha yalipita ndani ya kitanda cha kokoto, mchanga na mkaa uliopondwa, ambamo alikuwa amepanda matete aliyoyang'oa ufukweni. Yalipotokea upande wa pili hayakuwa na povu wala harufu. Mawe bapa manne, moja kwa kila tuta, yaliinuliwa na kushushwa ili kuyaelekeza kwenye mchicha, figiri, mnafu na matembele, na kwenye migomba ya pembezoni. Nyumba zote zilizozunguka uwanja wetu zilipeleka maji yao pale, na kila Jumamosi kila nyumba ilipokea fungu lake la mboga.

Kulikuwa na namna ya kumimina. Beseni lilishikwa kwa mikono miwili, likainamishwa kwa kifundo cha mkono wa kulia, polepole, ili nyasi za kapu zisitibuke. Kokoto zilijibu kwa sauti ya kumeza, na mtu hakuondoka kabla hazijamaliza. Sote tulikuwa na kifundo hicho. Miaka mingi baadaye, chuoni, nilijikuta nikimimina maji ya kunawa kwenye sinki kwa namna ileile, nikisubiri yamezwe, na wenzangu wakiniuliza kama ninayaaga.

Sabuni nayo ilikuwa na historia yake. Ilipoadimika kwenye duka la kaya, na mche mmoja ukakatwa kwa uzi kugawiwa majirani, Mwalimu aliwafundisha akina mama kuchemsha mafuta ya sangara pamoja na maji yaliyochujwa kwenye majivu. Sabuni ile ilinuka samaki siku tatu kabla ya kuisahau asili yake, lakini mboga ziliipenda. Mama yangu aliilalamikia. "Nikifua na hii, paka wananifuataga mpaka kanisani," alisema.

"Angalau kuna anayekufuata," Mwalimu alimjibu kupitia juu ya ukuta.

Walikuwa hivyo. Mama yangu alikuwa na udhaifu mmoja ambao Mwalimu hakuuvumilia: alikula papai na chumvi. Hata wakati chumvi ilipokuwa ya kuombana kwa kijiko, aliichota kwa vidole vitatu, akainyunyiza kutoka juu kidogo, kisha akalamba kidole gumba. Mwalimu alimtazama kila mara kama anayetazama ajali.

"Mama Nyangeta, papai na chumvi! Wewe ni ng'ombe?"

"Ng'ombe wanajuaga kitamu, Mwalimu. Onja uone."

"Siku nitakayoonja, mnichinje."

Makatazo ya mfereji yalikuwa machache na hayakuandikwa popote. Nepi hazikuruhusiwa, wala maji ya kidonda. Maji hayakulala: yaliyoingia asubuhi yalipaswa kufika kwenye mizizi kabla ya jua kuzama, kwa kuwa, kwa maneno yake, maji yaliyotumika yakilala huanza kukumbuka. Hayo yote ningeweza kuyatetea mbele ya jopo la maprofesa. Baadaye, biashara ilipofunguliwa, mambo yakaitwa ruksa na maduka yakajaa, aliongeza mengine. Alikataa maji ya sabuni ya unga iliyoingia kwa wingi, kwa sababu iliacha ukoko mweupe juu ya udongo na mchicha ukawa wa njano kuanzia ukingoni mwa jani. Na alikataa maji ya kwanza ya mitumba, nguo ambazo watu waliziita kafa Ulaya wakicheka. Yeye hakucheka.

"Fua mara ya kwanza, ukayapeleke mbali," alimwambia Mama Wegesa, jirani yetu wa upande wa pili, aliyekuwa ameshika beseni lenye koti zito la kijivu. "Mara ya pili njoo."

"Mwalimu, ni koti tu."

"Aliyelivaa hatumjui. Mwache kwanza atoke."

Mama Wegesa alisimulia maneno hayo kwa wiki nzima kama kichekesho, lakini nilimwona kwa macho yangu akilibeba beseni lile hadi kwenye majabali.

Na lilikuwapo katazo moja alilolitamka mara moja tu, nikiwa darasa la sita, siku alipofariki bibi mmoja wa mtaani. Kwetu, maji yaliyomwogesha marehemu humiminwa katika shimo lililochimbwa kwa ajili hiyo nyuma ya nyumba, na shimo hufukiwa siku hiyohiyo. Hakuna kinachopandwa juu yake. Mwalimu alikusanya wanawake karibu na mdomo wa mfereji, akasema, "Hayo hayaji hapa. Sitarudia." Hakurudia.

Nimejaribu kumweka mtu huyu katika upande mmoja, wa elimu au wa imani, na kila mara anatoka upande wa pili. Alikwenda misa kila Jumapili na aliwakemea waliofunga hirizi. Lakini yeye huyohuyo aliyebana kila kikombe, mara moja kwa mwezi aliteremka mwenyewe ziwani, akapanda na ndoo ya maji safi, akaimimina yote mdomoni mwa mfereji pasipo kunawa hata kidole. Nilimuuliza kwa nini. "Namwomba radhi," alisema, na hakueleza ni nani. Nilipofika chuoni nilijifunza kwamba udongo unaonyweshwa maji ya sabuni unahitaji kusuuzwa mara kwa mara kwa maji safi ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Alikuwa sahihi kabisa. Lakini kitabu changu hakikusema lolote juu ya kuomba radhi, na bado sijui ni kipi kati ya viwili hivyo kilimteremsha mwanamke wa umri ule kwenye mawe.

Mzee Magesa, dereva wa lori, alimletea wakati fulani zawadi ya mchanga kutoka Kiabakari, kwenye lundo la mgodi wa zamani wa dhahabu. Ulikuwa mchanga mzuri, wa kijivu, usio na vumbi. Mwalimu aliuchota mkononi, akauinamia kama anayesikiliza, kisha akaujaza katika kopo na kupanda maharage matatu. Yalichipua kwa haraka isiyo ya kawaida. Yalipofikia urefu wa kidole yakawa meupe, majani na mashina, meupe kama mishumaa, na yakasimama hivyo siku kadhaa bila kufa. Wote tulikwenda kuyaona. Kisha Mwalimu akamwomba Mzee Magesa aurudishe mchanga wake.

"Umeshafanya kazi nyingine huu," alimwambia. "Haujapumzika."

"Mwalimu, mchanga unapumzikaje?"

"Wewe urudishe tu, baba. Na ukinawa mikono, usinawie hapa."

Najua kinachowekwa kwenye mchanga wa dhahabu. Ningeweza kuandika majina ya kemikali hizo hapa. Ninachoshindwa kuandika ni jinsi alivyojua kabla ya kupanda, kwa sababu alikuwa amekwisha kuliweka kopo mbali na matuta yote kabla ya mbegu ya kwanza kuingia.

Alisoma maji. Sipendi kuandika sentensi hiyo, lakini zote nilizojaribu badala yake zilikuwa za uongo. Alichuchumaa mahali yalipotokea, akayaacha yapite kati ya vidole vyake, na akajua. Alimwambia Mama Wegesa kwamba binti yake ni mjamzito kabla binti mwenyewe hajakubali. Mama Wegesa alikuja juu, mikono kiunoni.

"Umemwona wapi? Mwanangu hatokagi!"

"Sijamwona yeye. Mwezi wa pili sasa hajafua vitambaa vyake."

Hiyo ina maelezo, na niliyapokea kwa nafuu kubwa. Lakini kuna asubuhi nyingine isiyo na maelezo. Nilikuwa nimerudi nyumbani kufanya utafiti wa shahada ya uzamili, na somo langu lilikuwa mfereji wenyewe: je, maji ya nyumbani yaliyochujwa kwa namna ile yanafaa kumwagilia mboga za watu? Nilikuwa nimekunywa chai nusu kikombe Mwalimu alipoingia bila hodi, vidole vyake bado vinadondosha maji, akasimama katikati ya chumba.

"Nani humu ana ini?"

Mama alicheka. "Sote tuna maini, Mwalimu. Labda wewe huna."

Mwalimu hakucheka. Alimtazama mama machoni, kisha kwenye viganja, kisha akatoka. Hospitali walituambia jambo hilohilo baada ya majuma sita. Nimesoma kila nilichokipata juu ya ugonjwa ule. Hakuna mahali panaposema kwamba unaonekana katika maji ya kuogea yaliyokwisha kupita kwenye kokoto, mchanga na mkaa.

Aliniruhusu kufanya utafiti kwa sharti kwamba nibebe ndoo zangu kutoka ziwani kama wengine. "Huwezi kupima usichokibeba," alisema. Kila siku, saa kumi alasiri, nilijaza chupa moja pale maji yalipotokea, nikaandika lebo, nikaipanga katika sanduku. Chupa zile zilimchekesha.

"Nyangeta, umeyafunga kwa kosa gani?"

"Nayapeleka maabara, Mwalimu."

"Yakitoka huko, uyape pole."

Mama alifariki saa tano asubuhi, nyumbani, kama alivyotaka. Mchana walikuja shangazi zangu kutoka vijiji vya rasini, na alasiri wakamwogesha. Kazi yangu, kwa kuwa nilikataa kukaa bure, ilikuwa kupokea beseni mlangoni na kulipeleka kwenye shimo lililochimbwa nyuma ya nyumba. Shangazi mkubwa alinipa beseni kubwa la bati. Akaniambia, "Kamwage shimoni, mwanangu."

Nimelirudia tendo lile mara nyingi kiasi kwamba siwezi tena kutofautisha nilichokifanya na nilichokwisha kukiwaza. Nakumbuka uzito wa beseni. Nakumbuka kwamba nilipotoka mlangoni miguu yangu iligeuka kushoto, njia iliyoizoea tangu nilipoweza kubeba kopo, na kwamba sikuwa nikifikiri chochote. Kifundo changu kiliinamisha beseni polepole, vizuri, pasipo kutibua nyasi. Kokoto zilimeza. Nikasubiri zimalize. Kisha, kwa kuwa ilikuwa saa kumi na kwa kuwa mikono ya mtu aliyefiwa hufanya inachokijua, nilikwenda upande wa pili, nikangoja yatokee, nikajaza chupa, nikaandika tarehe.

Nilipoirudisha kalamu mfukoni ndipo nilipomsikia shangazi nyuma ya nyumba.

"Mbona shimo kavu?"

"Udongo umeyanywa, shangazi," nilijibu.

Alilitazama shimo, akanitazama, akaanza kufukia. Huo ni uongo wangu wa kwanza katika habari hii. Wa pili ni kunyamaza kwa miaka mitatu.

Jioni, watu walipokaa uwanjani kwa msiba, Mwalimu aliketi karibu na mlango wetu, mgongo wima, mikono mapajani. Nilimtazama kama mshtakiwa anavyomtazama hakimu. Sikuona kitu usoni mwake. Niliona tu kwamba pindo la kitenge chake cha kanisani lilikuwa na tope bichi, na nikawaza, kama mtu anavyowaza mambo madogo wakati kama ule, kwamba si kawaida yake.

Mara baada ya mazishi nilirudi chuoni. Chupa zilipimwa. Nilisubiri matokeo ya chupa ile kwa hofu ambayo sikuweza kumweleza msimamizi wangu, na yalipokuja yalikuwa mabaya kuliko nilivyotarajia: hayakuwa na tofauti. Namba za siku ile zilikaa kati ya namba za siku nyingine kama mtu aliyekaa kwenye benchi la kanisa. Hakuna aliyezitazama ambaye angejua kilichopita. Nilishindwa kuuacha mstari ule katika jedwali, kwa sababu ungekuwa ushahidi kwamba nilichokifanya si kitu. Nilishindwa kuufuta, kwa sababu ningekuwa nimemtupa mama mara ya pili. Tasnifu ikasimama hapo. Msimamizi aliandika barua za kunihimiza, kisha akaacha.

Nilipokwenda Musoma mwaka wa tatu, nyumba ya Mwalimu ilikuwa na wapangaji wengine, uwanja ulikuwa umesakafiwa kwa saruji, na matete yalikuwa yamekauka. Mama Wegesa aliniambia kwamba Mwalimu alihamia Butiama kwa ndugu zake, macho yakiwa yameanza kumsaliti.

"Na afadhali," aliongeza, akichambua dagaa. "Mwishoni alibadilikaga yule. Unakumbuka alivyokuwa anagawa? Baada ya msiba wa mama yako akaanza uchoyo. Matuta matatu ni ya watu, la nne halishikwi. Anavuna mwenyewe, anapika mwenyewe, anafunga mlango anakula peke yake kama paka. Msimu mzima! Mimi nikamwambia, Mwalimu, hata tembele moja? Akanijibu, hili si la kwako."

Dagaa walikuwa wakimdondoka kati ya vidole. Nilimwomba arudie ni tuta lipi.

"La nne. La mwisho kule, penye mpapai."

Kesho yake nilishuka Kiabakari na kupata nafasi kwenye lori la pamba lililokuwa likielekea Butiama. Ilikuwa saa sita mchana nilipoiona nyumba, jua likiwa kichwani kabisa na vivuli vyote vikiwa vimeingia chini ya vitu vyake. Hakukuwa na mtu uani. Nilitambua mdomo wa mfereji kabla sijautambua mlango: kapu la nyasi, kitanda cha mchanga, matete machache ya bondeni. Kando palikuwa na mtungi na beseni. Nilinawa vumbi la safari, na kwa kuwa sikuweza kufanya vinginevyo, nikayapeleka.

"Nyangeta," sauti ilisema kutoka ndani.

Alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, ameelekeza uso ukutani. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Sikuwa nimetamka neno.

"Shikamoo, Mwalimu. Umenijuaje?"

"Marahaba. Kifundo chako kinasita. Zamani kilikuwa hakisiti." Aligusa kiti cha pembeni. "Kaa. Umechelewa."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Kiabakari, kwa mpangilio, yenye utangulizi. Nilisema tu, "Siku ile ya msiba, maji ya mama..."

"Nilikuwa nyuma ya matete," alisema. "Nilikuona unakuja na beseni la bati. Nikajua ni maji gani, kwa sababu lile beseni halikuwa la kwenu. Ningepiga kelele. Lakini nilikuona uso wako, mwanangu. Mtu mwenye uso ule akishtuliwa haponi."

"Ukafanya nini?"

"Nilichoweza. Ulipoinamia chupa yako, nikashusha mawe matatu, nikaliinua la nne. Nikasimama pale mpaka tone la mwisho lilipopita. Yote yaliingia tuta moja." Alipapasa pindo la nguo yake, kana kwamba tope bado lipo. "Mtaa haukula. Ondoa hilo kichwani."

"Na wewe?"

"Mimi nilikula."

Kuku alipita mlangoni, akasimama, akaendelea na safari yake.

"Ungeling'oa, Mwalimu. Ungelifukia tuta lile."

"Ningemfukia mara ngapi? Alikwisha kuzikwa vizuri, na padri." Alinigeuzia uso. "Maji hayatupwi. Miaka yote niliwaambia hivyo. Yalipokuja yale, nikaona ama nilikuwa namaanisha, ama nilikuwa napiga kelele tu. Nikapika. Jani hadi jani, msimu mzima, nikamaliza." Kisha akaniuliza kwa sauti ya darasani, "Ile chupa, uliipima?"

"Niliipima."

"Ikasemaje?"

"Ikasema hakuna tofauti na siku nyingine."

Alicheka, kicheko kifupi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akanishika mkono. "Basi mfereji wangu ulikuwa mzuri. Umeandika?"

"Sijaandika."

"Andika. Usiongeze, usipunguze."

Kisha akasema nina njaa, jambo lililokuwa kweli, na akaniomba nichukue papai lililokuwa juu ya kabati. Alilipasua mwenyewe kwa kupapasa, akazikusanya mbegu ndani ya kitambaa, kwa uangalifu. Nilikumbuka ukingo wa tuta la nne na mpapai mchanga uliosimama pale, na nikajua jibu kabla ya kuuliza.

"Hili ni la mbegu za mpapai ule?"

"Ndizo zenyewe. Mti sikuweza kuubeba." Alinisogezea nusu. "Kula. Si umeshapima?"

Nilikiweka kipande mkononi. Kilikuwa cha rangi ya kawaida, chenye harufu ya kawaida. Mwalimu hakuwa ameanza kula. Alikuwa ameinua uso, kama mtu anayesubiri kitu kinachochelewa mezani.

"Nipe na chumvi," alisema. "Iko dirishani."

Nilichukua kopo la chumvi, lakini sikumpa. "Mwalimu, wewe hukuwa unakula papai na chumvi."

"Sikuwa." Alisema kwa utulivu, kama anayetaja hali ya hewa. "Tangu msimu ule, bila chumvi halipiti."

Nina maelezo. Wazee hupoteza ladha, na ulimi hutafuta kilicho kikali. Upweke humfanya mtu aige mazoea ya aliyemzoea. Niliyapanga maelezo hayo pale pale, kama chupa katika sanduku, na kila moja lilikuwa na lebo sahihi. Nikampa kopo. Aliingiza vidole vitatu, akachota, akanyunyiza kutoka juu kidogo pasipo kuona, na hakuna hata chembe iliyoanguka nje ya papai. Kisha akalamba kidole gumba.

Nilimwomba kopo, nikanyunyiza la kwangu. Tulikula mpaka maganda yakabaki.

Alipomaliza nilimshikia beseni, akanawa, nami nikanawa katika maji yaleyale. Nilitoka nalo kwenye jua. Kifundo changu kiliinama, polepole, nyasi hazikutibuka, nikasubiri mchanga umalize kumeza. Ndani, Mwalimu alikuwa akisikiliza.

Hakikusita.